Kutoka Aversa Hadi Etna, Mzabibu kwa Mzabibu

Mjini Aversa, kaskazini kidogo ya Napoli, zabibu huchumwa kwa ngazi. Mzabibu wa huko haupandishwi kwenye waya wala kwenye fito fupi. Hupandwa ubavuni mwa mti wa mpopla, ukaachwa ukwee, kisha matawi yake yakatandazwa kutoka mti mmoja hadi mwingine mpaka ukapatikana ukuta wa majani unaoweza kufikia kimo cha mita 15. Mchumaji huegemeza ngazi nyembamba ya mbao, hupanda hadi juu, huibana kwa magoti ili mikono yote miwili ibaki huru, na hukata kishada kimoja kimoja. Kikapu chake, ambacho wenyeji hukiita fescina, kina kitako kilichochongoka. Kikijaa hukishusha kwa kamba, nacho hujichomeka chenyewe kwenye udongo laini na kusimama wima bila kumwaga hata punje.

Ufundi huu huhesabiwa kuwa urithi wa Waetruski, watu waliokalia sehemu hizi kabla Roma haijawa dola. Umedumu kwa sababu ulimfaa mkulima mwenye kieneo kidogo. Chini alipanda mboga na nafaka, na mzabibu ukapewa hewa. Zabibu yenyewe, Asprinio, hubaki kivulini sehemu kubwa ya siku, haikusanyi sukari nyingi, na mvinyo wake mweupe hutoka mkali kama limau. Siku hizi sehemu kubwa hutengenezwa wenye mapovu. Wenyeji huunywa na jibini la mozzarella la maziwa ya nyati, na anayeonja viwili hivyo pamoja huelewa mara moja kwa nini hawajawahi kuvitenganisha.

Nilifika mwanzoni mwa Oktoba, mavuno yakielekea ukingoni. Mzee aliyenitembeza shambani alinieleza kwamba wanaojua kupanda ngazi hizo wamebaki wachache, kwamba vijana wanaogopa kimo, na kwamba kila ukuta wa mizabibu unaokauka haupandwi tena kwa mtindo ule. Aliyasema haya akiwa ameshika shina la mpopla kwa kiganja, kama mtu aliyemshika mwanawe begani.

Nimekulia Dodoma, ambako mzabibu huzaa mara mbili kwa mwaka na ambako mkulima mdogo huuza zabibu zake, au mchuzi wa zabibu aliokamua, kwa mwenye kiwanda, kisha hasikii tena habari zake. Ndiyo maana safari hii ilikuwa na swali. Kusini mwa Italia kuna mamia ya aina za mizabibu ya asili, na kwa zaidi ya miaka mia mvinyo wake ulisafirishwa bila jina. Nilitaka kuona ni nani aliyelirudisha jina hilo na kwa njia gani.

Ukosefu wa jina ulianza kwa neema. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kidudu kiitwacho filoksera kilivuka bahari kutoka Marekani na kuangamiza mashamba ya Ufaransa kwa kunyonya mizizi. Wafanyabiashara wa Kifaransa wakateremka hadi Puglia na Sisilia kununua mvinyo mzito, mweusi, wenye kilevi kingi, wa kuchanganya na wao uliokuwa hafifu. Wakulima wakapanda kadiri walivyoweza. Mwaka 1888 Italia na Ufaransa zikaingia katika vita vya ushuru, soko likafungwa, na kilichobaki kilikuwa bahari ya mvinyo isiyo na mnywaji. Wenye viwanda wa kaskazini mwa Italia wakachukua nafasi ya Wafaransa kwa bei waliyoitaka wao. Tangu hapo, mapipa, mabehewa, na baadaye malori ya matangi yalipanda kaskazini kila mwaka, na mvinyo wa kusini ukaipa rangi na nguvu mivinyo iliyouzwa kwa majina ya miji mingine.

Filoksera ilifika Italia pia. Mahali pengi mkulima hakuwa na njia ila kupandikiza kikonyo cha mzabibu wake juu ya shina la Kimarekani, ambalo mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Hata hivyo mdudu ana adui yake, nao ni mchanga. Magharibi mwa Napoli, katika eneo la Campi Flegrei, ardhi ni majivu na mchanga wa volkano ambamo filoksera haiwezi kuishi. Kwa hiyo Falanghina, zabibu nyeupe, na Piedirosso, nyekundu, bado husimama huko juu ya mizizi yao wenyewe. Ardhi hiyohiyo hupanda na kushuka kwa nguvu iliyo chini yake, na mji wa Pozzuoli umezoea kutetemeshwa. Wakulima wanaishi na mambo mawili kwa pamoja: udongo uliowaokolea mizabibu, na udongo ambao siku yoyote unaweza kupasua ukuta wa nyumba.

Upande wa pili wa Napoli uko Pompeii, mji uliofunikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 B.K. Mtafiti Wilhelmina Jashemski kutoka Marekani ndiye aliyeonyesha kwamba ndani ya kuta zake kulikuwa na mashamba ya mizabibu. Mizizi ilipooza iliacha matundu ndani ya majivu yaliyoganda. Alipoyajaza matundu hayo na kuchimba pembeni, umbo la mzizi likajitokeza, na katika shamba moja kubwa karibu na uwanja wa michezo walihesabu mizizi zaidi ya 2,000. Miaka ya 1990 mamlaka ya magofu iliikabidhi familia ya watengeneza mvinyo ya Mastroberardino kazi ya kupanda upya baadhi ya vipande hivyo, kwa zabibu za eneo hilohilo na kwa nafasi zilezile za kale. Mavuno ya mwaka 2001 ndiyo ya kwanza kuwekwa chupani kwa ajili ya kuuzwa, kwa jina la Villa dei Misteri.

Jina la Mastroberardino lilinipeleka Irpinia, milima ya ndani inayozunguka mji wa Avellino. Hapa baridi ni ya kweli. Oktoba asubuhi ukungu hujaa mabondeni, na chestnati huuzwa kando ya barabara. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, washauri wa kilimo waliwahimiza wakulima wapande aina zinazozaa sana na kuuzika haraka. Antonio Mastroberardino, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2014, alikataa. Alizunguka mashambani akitafuta mizabibu ya Fiano na Greco iliyokuwa imebaki huku na huko, akachukua vikonyo, akapandikiza, na akaendelea kutengeneza Taurasi, mvinyo wa zabibu ya Aglianico wenye jina la kijiji cha huko, wakati wenzake walimwona anapoteza muda. Taurasi yake ya mwaka 1968 bado hutajwa kwa heshima na kila anayejua mivinyo ya kusini.

Mastroberardino anastahili sifa kuliko anazopewa. Tetemeko la tarehe 23 Novemba 1980 liliua karibu watu 3,000 katika milima hii na kubomoa vijiji vizima. Jamii iliyopata pigo kama hilo ingeweza kung'oa mizabibu na kuhamia mijini, na wengi kweli walihama. Waliobaki walikuta tayari kuna zabibu yenye jina na mnunuzi anayeiulizia. Mwaka 1993 Taurasi ikawa mvinyo wa kwanza wa kusini mwa bara kupewa DOCG, daraja la juu kabisa la uthibitisho wa asili nchini Italia. Fiano di Avellino na Greco di Tufo zikafuata mwaka 2003.

Aglianico ni zabibu inayomtaka mkulima awe na subira. Huvunwa mwisho wa Oktoba, na pengine Novemba, mvua ikiwa imeshaanza na mara nyingine theluji ikionekana vileleni. Nilipokuwa huko vishada vilikuwa bado vimening'inia, vimeiva nusu. Nilitafuna punje moja, na tanini zikanikausha ulimi kama ndizi mbichi. Kwa sheria, Taurasi haiuzwi kabla ya kutimiza miaka mitatu, na aliyeinywa ikiwa na miaka kumi huona kwamba hata hiyo mitatu ni michache. Kwenye chupa iliyokomaa ule ukali hulainika, na huja harufu ya plamu zilizokauka, tumbaku na udongo uliolowa.

Greco ina habari yake. Kijiji cha Tufo kimekaa juu ya salfa, na katika karne ya 19 machimbo yalifunguliwa hapohapo chini ya mashamba. Salfa hiyo ilisagwa na kupuliziwa majani ya mizabibu dhidi ya ukungu. Ardhi ikawa imetoa zabibu na dawa yake mahali pamoja.

Kutoka Avellino kulikuwa na reli hadi Rocchetta Sant'Antonio, iliyokamilika mwaka 1895 na kubeba mapipa ya mvinyo wa milimani. Huduma za kawaida zilisimamishwa mwaka 2010, na sasa hupita treni za watalii tu kwa misimu. Nilikwenda kwa basi, nikiyaona madaraja ya chuma ya reli ile yakivuka mabonde bila kitu juu yake.

Basilicata ni mkoa ambao wasafiri huupita, na kwa kweli nami sikukaa. Lakini Vulture, volkano iliyozimika yenye kimo cha mita 1,326, ilinilazimu nishuke. Aglianico ya hapa hukua kwenye udongo mweusi wa volkano, na huuzwa kwa jina la mlima. Barile, mji ulioko ubavuni mwake, ulipokea wakimbizi wa Kialbania katika karne ya 15, na baadhi ya wazee bado huzungumza lugha yao. Wakazi wa mji walichimba mapango kwenye mwamba laini ili kuhifadhia mvinyo, kwa kuwa ndani yake joto halibadiliki majira yote. Pier Paolo Pasolini aliyatumia mapango hayo kupigia picha sehemu ya filamu yake ya mwaka 1964 juu ya Injili ya Mathayo. Wenyeji wanajivunia jambo hilo, ila wanajivunia zaidi yale mapango ambayo bado yana mapipa.

Puglia ni tambarare, joto, na udongo mwekundu. Hapa ndipo yale malori ya matangi yalipojazwa zaidi kuliko popote, na hapa ndipo nilipopata habari ndefu kuliko zote.

Mwishoni mwa karne ya 18, padri mmoja wa Gioia del Colle, Francesco Filippo Indellicati, aliona kwamba baadhi ya mizabibu ilikuwa inawahi kuiva kuliko mingine. Akaitenga na kuizidisha kwa vikonyo. Zabibu hiyo ikaitwa Primitivo, kwa ajili ya huko kuwahi kwake. Huvunwa Agosti ikiisha au Septemba ikianza, wakati Aglianico haijakaribia hata kuiva. Mwaka 1881 vikonyo vyake vilifika Manduria, upande wa Salento, na inasimuliwa kwamba vilikuja pamoja na bibi harusi wa ukoo wa Sabini wa Altamura. Primitivo ina tabia nyingine ambayo mtu wa Dodoma ataifurahia: machipukizi ya pembeni hutoa vishada vya pili, na mkulima hurudi shambani wiki chache baada ya mavuno makubwa ili kuvichuma.

Mwaka 1967, Austin Goheen, mtaalamu wa magonjwa ya mimea kutoka Marekani, alikuwa Puglia akapewa mvinyo uliomkumbusha Zinfandel, zabibu ambayo California iliihesabu kuwa yake. Alipoiona mizabibu yenyewe, shaka ikaongezeka. Katika miaka ya 1990 Carole Meredith na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walithibitisha kwa vinasaba kwamba Primitivo na Zinfandel ni mzabibu mmoja. Swali likabaki: umetoka wapi? Ivan Pejić na Edi Maletić wa Chuo Kikuu cha Zagreb walisaka mashamba ya pwani ya Dalmatia, na Desemba 2001 jibu likaja kutoka Kaštela, karibu na Split. Mizabibu michache mikongwe iitwayo Crljenak Kaštelanski ilikuwa na vinasaba vilevile. Baadaye jani lililokaushwa na kuhifadhiwa kwenye makumbusho mjini Split liliunganisha zabibu hiyo na jina la kale zaidi, Tribidrag. Kumbe mzabibu mmoja ulivuka bahari ya Adriatiki kuja Puglia, na kwa njia nyingine ukavuka Atlantiki, na kila nchi ikauona kuwa wake.

Habari hiyo iliinua soko la Primitivo kuliko tangazo lolote. Lakini ilikuja kwa kuchelewa. Katika miaka ambayo Ulaya ilikuwa na mvinyo wa ziada, wakulima walilipwa ruzuku ili wang'oe mizabibu, na iliyong'olewa kwanza ilikuwa ile mikongwe ya mtindo wa alberello, yaani mzabibu mfupi unaosimama peke yake bila waya, unaozaa kidogo na kudai kazi yote ya mkono. Hiyo ndiyo iliyokuwa na mizizi mirefu na zabibu bora. Kila ninapofikiria kwamba fedha za umma zilitumika kuiondoa, nashikwa na uchungu. Kule Manduria niliona shamba la alberello la miaka mingi, shina moja moja nene kama paja la mtu, limezungukwa pande zote na safu mpya za waya. Mwenyewe alisema babu yake alikataa ruzuku kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kupanda.

Kusini zaidi, Salento, mwenye nyumba ni Negroamaro, zabibu nyeusi yenye uchungu mzuri mwishoni. Katika mji wa Salice Salentino familia ya Leone de Castris iliitumia kutengeneza Five Roses, mvinyo wa rangi ya waridi ulioanza kuwekwa chupani mwaka 1943, wakati majeshi ya Washirika yalipokuwa yameshika kusini, nao huhesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake nchini Italia kuuzwa kwa chupa. Ukisafiri Salento leo utaona pia huzuni: mizeituni mikubwa iliyokauka imesimama kwa maelfu, imeuawa na bakteria wa Xylella waliogunduliwa huko mwaka 2013.

Liko jambo la Puglia ambalo msifu mvinyo hapaswi kuliruka. Tarehe 13 Julai 2015, Paola Clemente, mama wa miaka 49, alifia shambani karibu na Andria akipunguza punje kwenye vishada vya zabibu za mezani. Alikuwa akiondoka nyumbani usiku wa manane, akisafirishwa kwa basi umbali mrefu, kwa ujira wa euro mbili hivi kwa saa. Kifo chake, pamoja na vifo vya vibarua wengine mwaka huohuo, akiwemo Msudani mmoja katika mashamba ya nyanya, vilisukuma Bunge kupitisha Sheria namba 199 ya mwaka 2016 dhidi ya madalali wa vibarua. Sheria ipo. Katika stesheni za Puglia niliona vijana wa Kiafrika wakisubiri magari ya alfajiri, na sikupata ujasiri wa kuandika juu ya ladha bila kuwataja.

Reli ya pwani ya Ionia ilinipeleka Cirò, Calabria, ambako zabibu ni Gaglioppo. Rangi yake ni hafifu, mtu akiiona kwenye glasi hudhani ni nyepesi, kisha tanini humshika. Watafiti wa vinasaba wanaiona kuwa mtoto wa Sangiovese na Mantonico Bianco, sawa na Nerello Mascalese ya Etna, kwa hiyo mbili hizi ni ndugu. Na Sangiovese yenyewe, fahari ya Toscana, mama wa Chianti? Mmoja wa wazazi wake ni Calabrese di Montenuovo, mzabibu wa kusini uliokuwa karibu kutoweka ulipotambuliwa Campania. Kaskazini iliyokuwa ikinunua mvinyo wa kusini kwa lita bila kuuliza jina, ilikuwa imebeba damu ya kusini ndani ya zabibu yake tukufu.

Treni inayokwenda Sisilia hupakiwa kwenye meli huko Villa San Giovanni. Mabehewa hukatwa, husukumwa ndani ya tumbo la meli juu ya reli zilizofungwa sakafuni, na abiria hupanda sitahani kuuangalia mlango-bahari wa Messina.

Etna ina zaidi ya mita 3,300 na haijalala. Kuizunguka kuna reli nyembamba, Circumetnea, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19, na mwisho wake ni Riposto, bandari ambayo mvinyo wa mlima ulipakiwa kwa meli. Karibu na Randazzo treni hupita katikati ya lava ya Machi 1981, jiwe jeusi lisilo na mti, lililoteremka hadi karibu na mto Alcantara na kumeza mashamba njiani. Pembeni yake kuna shamba la mizabibu ya kale ambalo halikuguswa.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini watu wa Etna huzungumzia kipande cha ardhi kwa jina lake. Kila lava ilishuka kwa wakati wake, ikaoza kwa kiasi chake, ikaacha udongo wa kina tofauti. Vipande hivyo huitwa contrada, viko zaidi ya 100, na sheria huruhusu jina la contrada liandikwe kwenye chupa. Nerello Mascalese ya Calderara Sottana haina ladha ya ile ya Guardiola, ingawa mtu anaweza kwenda kwa miguu kutoka moja hadi nyingine. Nilionja hizo mbili kwenye meza moja. Ya kwanza ilikuwa nzito, yenye mawe ndani yake. Ya pili, kutoka juu zaidi, ilikuwa nyembamba na yenye harufu ya cheri chachu.

Etna ilipata DOC, uthibitisho wa asili ulio chini ya DOCG, mwaka 1968, lakini heshima ilichelewa. Mwaka 1988 Giuseppe Benanti, mwenye kiwanda cha dawa, alianza kutafuta mizabibu mikongwe akisaidiwa na Salvo Foti, mtaalamu aliyeamini katika alberello na fito za chestnati. Miaka ya 2000 ilipoingia wakaja wa kutoka nje: Andrea Franchetti, Marco de Grazia, Frank Cornelissen wa Ubelgiji. Walinunua matuta yaliyotelekezwa ambayo wenyeji walikuwa wameyaacha kwa sababu hayaruhusu trekta. Leo bei ya ardhi imepanda mno, na kijana wa kijiji cha Solicchiata asiye na urithi hawezi kununua shamba ambalo babu yake aliliona mzigo.

Karibu kila shamba kongwe lina palmento, nyumba ya mawe ambamo zabibu zilikanyagwa kwa miguu na mchuzi ukatiririka hadi mabirika ya chini, na gogo refu la kukamulia likashushwa kwa skrubu ya mbao. Kanuni za usafi za Ulaya zilikataza mvinyo wa kuuza kutengenezwa humo. Nyingine zimekuwa nyumba za wageni, nyingine zimeanguka.

Milo, upande wa mashariki unaopata mvua nyingi zaidi, ni kijiji cha Carricante, zabibu nyeupe yenye uchachu mkali na maisha marefu. Ni zabibu za hapa peke yake zinazoruhusiwa kuitwa Etna Bianco Superiore. Mkulima niliyekuwa naye alikuwa akichagua vikonyo kutoka mizabibu ya baba yake, akiifunga utepe ile yenye vishada vilivyoachana, kwa kuwa iliyosongamana huoza mvua ikinyesha. Vikonyo vingekatwa majira ya baridi na kupandikizwa. Nilimwuliza kwa nini hanunui miche kitaluni.

"Ya kitaluni yote ni sawa," alisema. "Mwaka mbaya ukija, itaugua yote kwa siku moja. Hii ya baba, kila mmoja una akili yake."

Alikuwa na matuta manane ya kujaza, na zabibu za kwanza alizitarajia baada ya miaka mitatu.